Mwaka Sungura wa Bikombo Waliposemwa Wamepandwa

Nilidhani wivu wangu kwa Bikombo umekwisha zamani, mpaka nilipomkuta amekaa eda. Alikuwa juu ya kitanda cha samadari katika chumba cha ndani cha nyumba yake ya Mtambile, hana hina wala wanja, kajitanda kanga iliyopauka, na wanawake wanaingia kwa zamu kumpa pole. Mumewe, Faki, alikuwa amezikwa wiki ile. Nikavua viatu, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikasema maneno ambayo kila Muislamu huyasema mbele ya kifo, na nikayasema kwa dhati. Lakini macho yangu yakaangukia koti la Faki lililoangikwa nyuma ya mlango, na moyo ukaniambia waziwazi: hata eda hii ilikuwa iwe yako wewe. Mwanamke mwenye wajukuu, kumwonea mwenzake wivu kwa sababu ya ujane! Nikajiinamia kama mtu anayelia, na waliokuwamo wakaniona nina huruma.

Mtu aliyefika nilikofika mimi hana haja ya wivu, na nalisema hili bila ya haya, kwa sababu kila nilichonacho nimekipata kwa jasho langu. Mimi Mize, mtoto wa kisiwa cha Fundo, ambako msichana wa wakati wetu akijua kukuna nazi na kuokota chaza alihesabiwa amesoma, nina diploma ya mifugo. Imo ndani ya fremu ya kioo ukumbini kwangu Wete, na mgeni hawezi kuingia asiione, kwa sababu nimeitundika pale pale anapoinua macho baada ya kuvua viatu. Nimefanya kazi bara miaka mingi, nimezalisha ng'ombe waliowashinda wanaume, nimewafundisha vijana ambao leo wanaitwa mabwana wakubwa. Nilirudi Pemba kwa hiari yangu, nikajenga nyumba ya ghorofa kwa fedha zangu, na hakuna ndugu anayeweza kusimama akasema alinishika mkono. Watu huniuliza nani aliyenitia katika njia ile ya wanyama. Huwajibu kwamba ni akili yangu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Walionitia katika njia ile ni sungura wawili na wivu, mwaka mmoja wa karafuu nyingi, kule Ole, mwishoni mwa miaka ya hamsini.

Mwaka huo nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, Bi Siti, ili niwe karibu na skuli. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, ukumbi wake mrefu, wenye harufu ya karafuu hata wakati usio wa karafuu, kwa sababu harufu ile ilikuwa imekwisha kuingia ukutani. Nyuma palikuwa na ua mpana uliopigwa udongo ukawa mgumu na laini kama sinia, na pembeni mwa ua jiko la makuti ambamo nilikuwa nikishinda mimi. Nililala chumba kimoja na Bikombo, binti yake, kitanda kimoja, shuka moja. Tulikuwa rika. Yeye alikuwa mweupe kidogo kuliko mimi, mrefu kidogo kuliko mimi, na akicheka alifunika mdomo kwa ncha ya kanga hata mtu akatamani kujua alichokificha. Mimi nilikuwa namshinda kwa hesabu, kwa kusoma na kwa kuhifadhi Kurani. Hayo hayakuwa na soko pale nyumbani. Jioni, tukikaa kula mihogo ya nazi na dagaa la kukaanga, Bi Siti alikuwa akitupa mafungu sawa kabisa, kwa uadilifu, kisha mkono wake ukarudi wenyewe kwenye sahani ya Bikombo kuongeza kidogo. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Mimi nilijua.

Baada ya sikukuu, ami yake Bikombo, ndugu wa baba yake, ambaye alikuwa mpishi katika nyumba ya wakubwa huko Unguja, alikuja na zawadi. Mimi alinipa kitana. Bikombo alimletea tenga lililofunikwa kwa gunia, na ndani yake sungura wawili, mmoja mweupe mwenye madoa, mmoja wa rangi ya makonyo, yale matawi madogo yanayobaki karafuu ikichambuliwa. Ole nzima ilikuja kutazama. Wengi wetu tulimjua sungura wa hadithini tu, yule mjanja anayewapiga chenga fisi na simba, na watu walikuwa wakichungulia tengani kama kwamba watasikia neno la busara. "Ndiye huyu?" aliuliza jirani yetu, Bi Chumu, mwanamke aliyekuwa na jibu la kila jambo. "Mbona kama panya aliyevutwa masikio?" Bikombo akawapa majina: mweupe akamwita Kashata, yule mwengine Makonyo. Ami akawajengea tundu la mbao lenye miguu, likawekwa chini ya paa la jiko.

Kazi ikagawanywa kama ilivyokuwa ikigawanywa kila siku. Mimi nilikuwa nikiamka na umande kwenda kukata mchunga na majani ya viazi, mimi nikisafisha tundu, mimi nikitia maji. Bikombo alikuwa anafungua mlango. Basi. Anafungua mlango, anajitupia kanga begani, anasimama. Na hapo ndipo sungura walipokuwa wakifanya lile jambo ambalo sijalisahau. Walitoka polepole, wakanusa udongo, wakajinyoosha miguu ya mbele na ya nyuma. Kisha Makonyo, bila ya kuguswa na mtu, alifyatuka. Alikimbia ua mzima kwa duara, akageuka ghafla penye pembe, akarudi, na katikati ya mbio akaruka juu, kichwa kimeelekea upande mmoja na kiwiliwili kimejipinda upande wa pili, miguu ya nyuma ikipiga teke hewani. Alipotua alikwisha kuelekea njia nyengine. Kashata akafuata. Wakaruka hivyo mara kwa mara, kama kwamba ardhi inawachoma nyayo, mpaka mmoja wao akasimama, akajitupa ubavu chini, pwaa, akanyoosha miguu akabaki hivyo macho wazi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Bikombo alipiga makofi, na Bi Siti, aliyekuwa kibarazani na ungo wake, akasema neno ambalo lilinichoma mwaka mzima: "Mnyama anaujua moyo wa mtu. Tazameni wanavyomchezea mwanangu."

Nikajaribu nami. Sikumwambia mtu. Mchana, nyumba imelala, nilikwenda tunduni na jani bora kabisa la mchunga, nikafungua mlango, nikawaita kwa majina yao kwa sauti ile ile ya Bikombo. Kashata alikuja akala jani. Makonyo hakuinua hata kichwa. Nikawatoa kwa mikono, nikawaweka uani. Wakajikunyata kwenye kivuli cha mtungi wakawa wanatafuna hewa. Nikasimama pale jua linanipiga utosini, mimi niliyewakatia majani, niliyewafagilia mavi, na viumbe wale wananitazama kama wanavyotazama ukuta. Nilifunga tundu nikarudi jikoni. Tangu siku hiyo nikawa natazama. Katika ukuta wa makuti wa jiko palikuwa na tundu lililotobolewa na moshi na umri, na mimi nikipika nilikuwa nimeliegemeza jicho langu hapo. Sikuwa natafuta elimu. Nilikuwa namtafuta Bikombo: nini anachowapa ambacho mimi sina?

Lakini jicho likizoea kutazama huona hata lisichokitaka. Niliona kwamba sungura wale mchana kutwa ni wazito, wanalala, wanajilamba, na hawana habari na mtu. Asubuhi na mapema, na jua likikaribia kuzama, ndipo wanapopata roho. Niliona kwamba wakikaa ndani ya tundu muda mrefu hutoka na mbio nyingi zaidi. Niliona pia kwamba kuna kuruka kwa namna mbili. Siku paka wa Bi Chumu alipopita juu ya ua, Kashata aliinua mguu wa nyuma akaupiga chini, dum, akalaza masikio mgongoni, macho yakamtoka, na akakimbia moja kwa moja kujificha. Ile ilikuwa hofu. Katika lile duara na lile pindo la hewani hapakuwa na hofu. Masikio yalikuwa yamelegea, yanapepea kama ushungi. Miaka baadaye, chuoni, mwalimu alipotueleza kwamba sungura mwenye afya njema na nafasi ya kutosha huruka hivyo kwa furaha, wenzangu waliandika. Mimi sikuinua kalamu. Nilikwisha kulijua hilo kupitia tundu la ukuta wa jiko, nikiwa na moshi machoni.

Kisha karafuu zikaiva, na zilikuwa nyingi hata matawi yakainama. Watu walitoka mpaka visiwani kuja kuchuma. Ole ikageuka majamvi. Kila ua, kila kibaraza, kila penye mwanga wa jua pameanikwa. Ua wetu nao ukajaa, na sungura hawakuweza tena kutoka asubuhi, wasije wakatembea juu ya mali. Tundu likawa halifunguliwi mpaka jioni, baada ya karafuu kuanuliwa na majamvi kukunjwa, na mwenye kuanua alikuwa Bikombo. Kwa hiyo sungura wakawa wanatoka saa ile ile ambayo kwetu hakuna anayetoka. Anayejua Pemba anaelewa. Jua likizama watoto huitwa ndani, mlango huegeshwa, hakuna anayefagia wala kumwaga maji nje, kwa sababu saa ya Magharibi ni saa ya wengine kupita, na si vizuri kuwazuia njia. Bikombo alikuwa anachelewa uani na kanga yake begani, adhana inakaribia, na mbele yake wanyama wawili wanazunguka, wanaruka, wanajipinda, wanaanguka.

Bi Chumu ndiye aliyeona. Alikuja kuomba moto, akasimama mlangoni mwa ua, na nilimsikia kabla sijamwona. "Lahaula! Kapandwa huyo!" Makonyo alikuwa amekwisha kujitupa ubavu. Bi Chumu akamwangalia, akamwangalia Bikombo, akarudi nyuma bila ya moto wake. Na kweli, kwa aliyewahi kukaa ngomani, mambo yale yalifanana mno: mtu hutulia, hutetemeka, huinuka kwa kishindo asichokuwa nacho, huzunguka, hujipinda, kisha huanguka kama gunia na pepo akashuka. Siku ya pili nilikwenda kisimani nikakuta maneno yamefika kabla yangu. "Si sungura," walikuwa wakisema. "Sungura ni vipando tu vya pepo. Mwenye mtu ni yule binti. Yuko naye, na kila Magharibi huja kumchezea." Mwanamke mmoja akaniuliza, "Weye unalala naye, yakhe. Usiku hasemi?" Nikamwambia anakoroma. Hakuipenda habari hiyo.

Sasa nimseme Faki. Alikuwa fundi baiskeli wa Mtambile, kijana mwembamba mwenye vidole vyeusi vya grisi, na baiskeli yake yenyewe ilikuwa ikimeremeta hata kwenye vumbi. Msimu ule alikuwa akija Ole mara kwa mara kuwatengenezea wachumaji baiskeli zao, akikaa kibarazani kwetu kwa sababu palikuwa na kivuli. Siku moja nilimpelekea maji. Akanywa, akanirudishia kata, akasema, "Maji ya Fundo haya au ya Ole? Mbona matamu?" Maneno ya mzaha ambayo kijana yeyote humwambia msichana yeyote. Mimi niliyachukua nikaenda nayo jikoni, nikayapika mwezi mzima. Nikisikia kengele yake mkono ulikuwa ukikimbilia kitana cha ami. Kisha posa ikaja, na haikuwa yangu. Mama yake Faki, Bi Raya, alileta maneno kwa Bi Siti kumtaka Bikombo, na Bi Siti akaomba muda wa kuwauliza wazee, kama ilivyo desturi, ingawa sote tulijua jibu. Bikombo aliniamsha kunihadithia. Nikamwambia mabruki, nikageukia ukutani.

Habari za Magharibi zikafika Mtambile kabla ya jibu la wazee. Bi Raya akatuma ujumbe, wa heshima lakini mkavu: anampenda binti, ila hataki mwanawe aoe mke mwenye mume wa pili asiyeonekana. Binti aangaliwe kwanza. Akitengenezwa, posa itakaa. Asipotengenezwa, posa itarudi. Neno kama hilo likishamwangukia msichana haliishii kwa posa moja. Nani mwengine angekuja baada ya hapo? Bi Siti aliacha kula. Bi Chumu akawa ndiye mwenye nyumba: alijua mganga, alijua chano cha sadaka ya pepo kiwe na nini, na alijua kafara. "Wale wawili wachinjwe," alisema, akielekeza kidevu kwenye tundu. "Damu yao imwagwe pale pale wanapochezea. Mtu wao ataridhika aende zake." Bikombo alikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia anapumua.

Nitasema kama ilivyokuwa: nilifurahi. Nililala usingizi mzuri. Lakini furaha ile haikudumu, na haikuondolewa na huruma. Iliondolewa na wivu wenyewe. Kwa sababu popote nilipokwenda, kisimani, dukani, kwenye majamvi ya kuchambulia, jina lilikuwa moja: Bikombo, Bikombo, Bikombo. Wanawake walikuwa wakiteremsha sauti wakimtaja kama wanamtaja mtu mkubwa. Nikawaza: hata jini! Kaja kutoka alikotoka, kapita Ole nzima yenye wasichana tele, kapita na mimi niliyehifadhi juzuu ngapi, akaenda kumchagua Bikombo! Sungura wanampenda, Faki anampenda, sasa na majini. Hilo sikuweza kulivumilia. Na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba si kweli hata moja.

Nikasema wakati wa kula, mbele ya Bi Siti na Bi Chumu, mkono wangu ungali kwenye sahani. "Shangazi, wale hawana pepo. Wala hawampendi Bikombo."

"Kula," akasema Bi Siti.

"Wanaruka kwa sababu wamefungwa kutwa na wamefunguliwa. Kabla ya karafuu walikuwa wakiruka asubuhi, na sote tukicheka. Pepo alikuwa wapi asubuhi?"

Bi Chumu akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Tangu lini samaki akajua habari za nyama? Weye una kijicho, Mize. Hutaki mwenzako atengenezwe."

"Nina kijicho," nikasema, "lakini na macho ninayo. Nipeni ua asubuhi moja. Bikombo akae ndani, nifungue mimi."

Bi Siti akaacha kutafuna. Asubuhi moja ya jua kali, karafuu zikae chini ya paa bila ya kuanikwa! Kwa mtu wa Ole ilikuwa kama kumwambia amwage mchele. Akanitazama kwa muda, na nikaona kwamba hakuwa ananipima mimi. Alikuwa anampima binti yake dhidi ya karafuu. "Asubuhi moja," akasema. "Na Bi Raya aitwe aje aone mwenyewe."

Jioni ile nilikataza tundu lisifunguliwe. Asubuhi nikaufagia ua mwenyewe. Bi Raya alikuja amekaa nyuma ya baiskeli ya mwanawe, ushungi umejaa vumbi; Faki akabaki kibarazani kwa adabu, upande wa pili wa mlango. Bi Chumu alikuja na chetezo kinachofuka ubani, "kwa usalama". Wakajipanga uani kama kwenye maulidi, na majirani wawili watatu ambao hawakualikwa wakajazia. Nikafungua mlango. Kashata akatoa pua, akairudisha. Nikamtoa Makonyo kwa mkono. Alijikunyata pale pale nilipomweka. Tukangoja. Jua likapanda. Ubani ukawa unafuka. "Enhe," akasema Bi Chumu, "mwenyewe hayupo, vipando vimelala. Kuna haja ya shahidi tena?" Wanawake wakaguna. Nilijiona vile nitakavyokuwa: msichana wa Fundo aliyetaka kujionyesha, aliyewapotezea watu siku ya jua. Ndipo Makonyo akapiga mguu chini, dum, na masikio yakalala mgongoni. Na mimi niliyekuwa nimetazama mwaka mzima nikaelewa.

"Wanaogopa," nikasema. "Ondoeni chetezo. Ingieni ukumbini nyote, mtazame kwa mlango, na mtu asiseme."

"Tunaamrishwa na mtoto?" akauliza Bi Chumu.

"Ingia, bibi wee," Bi Raya akamwambia, "nimetoka Mtambile mimi, si kwa kuja kuvuta moshi."

Wakaingia. Nikakaa chini karibu na jiko, mikono mapajani, nikijifanya gogo. Harufu ya ubani ikaondoka na upepo. Makonyo akainua sikio moja, kisha la pili. Akajinyoosha. Akasugua kidevu chake kwenye jiwe la kufulia. Nikaomba dua ambayo sidhani kama imo katika kitabu chochote. Na akafyatuka! Alikwenda ua mzima, akakata pembe, akaruka, akajipinda, teke hewani, akatua amegeuka. Kashata huyo nyuma yake. Wakapishana, wakazunguka, na mara moja Makonyo akaruka juu ya miguu yangu niliyoinyoosha, juu ya miguu yangu mimi, mchana mweupe, jua limejaa uani na Bikombo yuko ndani ya chumba chenye komeo. Kisha akajitupa ubavu.

"Kafa!" Bi Chumu akapiga kelele kutoka ukumbini.

Nikachukua jani la kiazi nikampelekea puani. Akalitafuna hapo hapo alipolala, bila ya kuinuka, kama sultani. "Pepo gani huyu," nikauliza, "anayeshuka kwa jani la kiazi?"

Bi Raya akacheka kwanza, mwili mzima ukatikisika, na wengine wakamfuata. Akatoka uani, akachuchumaa, akamtazama sungura kwa karibu. "Basi, mwanangu, kama hawamchezei jini, na hawamchezei Bikombo, wanamchezea nani?"

"Hawamchezei mtu, mama," nikasema. "Wanachezea nafasi."

Kibarazani, nyuma ya mlango, Faki alicheka. Kicheko kile ni changu, sikugawana na mtu. Kisha akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Huyu binti wa Fundo asome huyu! Wallahi, akili kama hiyo isiachwe jikoni." Ndiyo zawadi aliyonipa. Akampandisha mama yake nyuma ya baiskeli, na kabla hawajapinda njiani Bi Raya aligeuka akampigia Bi Siti kelele kwamba posa imekaa. Bikombo alitoka chumbani akanikumbatia, akilowesha bega langu, akiniita dada yake, mkombozi wake. Mikono yangu ilikuwa imening'inia. Nilikuwa nimemnyang'anya sungura na jini, na kwa mikono hiyo hiyo nimempa mume.

Waliozeshwa karafuu zilipokwisha. Niliwapikia wageni, nikakuna nazi mpaka vidole vikatoka damu, na wanawake jikoni wakanisifu kwa bidii yangu. Faki alisema nisome, nikasoma. Nilisoma kama mtu anayelipiza kisasi. Kila mtihani niliofaulu, kila cheti, nilikuwa nampelekea yeye kwa mawazo: tazama, ulisema nisome, je, huyo wako anajua nini? Wivu kwa wengine ni kutu. Kwangu mimi ulikuwa mafuta ya taa, na nimefika mbali kwa taa hiyo. Siuonei haya.

Haya yote yalinipitia nikiwa nimeinama ukingoni mwa kitanda chake. Wageni walipopungua, Bikombo akaniinua kidevu kwa kidole kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wasichana. "Usilie, Mize. Najua ulikuwa ukimtaka."

"Nani kakwambia?"

"Ukisikia kengele ya baiskeli ulikuwa ukichana nywele mpaka kitana kikapungua meno. Nyumba nzima ilijua. Hata Bi Chumu."

"Bi Chumu alikuwa hajui kitu."

"Hilo alilijua." Akatabasamu, tabasamu dogo la mtu asiye na ruhusa ya kucheka. "Faki akisema kila mara: mimi nimeposewa na sungura. Mimi nikimwambia, la, umeposewa na Mize, bila ya mwenyewe kupenda."

Jua lilikuwa linateremka. Kutoka uani nikasikia mbao zinakwaruzwa, nikajua sauti ile kabla hajaniambia. Hakuacha kufuga, alifuga tangu mwaka ule, sungura kwa sungura, na Faki ndiye aliyekuwa akiwafungulia jioni. Tangu azikwe hakuna aliyekumbuka. Yeye mwenyewe, kwa eda yake, hakutaka kutoka kwenda uani saa hiyo mbele za watu. "Nenda kanifungulie," akasema. "Mimi nitatazama dirishani."

Nikatoka. Mwenye diploma, bi mkubwa wa Wete, nikainama na magoti yangu mabovu mbele ya tundu la mbao nikavuta komeo. Walikuwa wamefungwa siku zile zote. Nilijua kitakachotokea kama ninavyojua jina langu. Nikarudi nyuma, nikasimama kimya. Yule wa rangi ya makonyo akatoka, akanusa, akajinyoosha. Akafyatuka. Wakanizunguka mimi, wakaruka, wakajipinda, na mmoja akaja akajitupa ubavu karibu na nyayo zangu. Dirishani nikasikia Bikombo anacheka, kwa mara ya kwanza tangu apate msiba, kanga mdomoni.

"Unaona, Mize?" akaniita. "Unaona wanavyokupenda?"

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu Ole. Na hakuna mtu katika kisiwa kizima mwenye elimu ya kuyakanusha kama mimi. Adhana ikaanza. Nikabaki pale uani, saa ya Magharibi, nikanyamaza, nikawaacha wanipende.